Mbuzi wa Mstari wa Kumi na Tano

"Mbuzi wangu yuko wapi?"

"Mama Brenda, kaa kwanza."

"Sikai. Nimeuliza mbuzi yuko wapi. Kuku namwona, ukurasa wa tisa, mstari wa kumi na nne, amekaa vizuri na bei yake. Mbuzi simwoni."

Bwana Yoeli alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. Yeye ndiye mkurugenzi wa Mulika, shirika letu dogo la kufuatilia fedha za wanasiasa, lenye vyumba viwili pale mjini Ngarenaro, juu ya karakana ya kuchomelea mageti. Chini grinda ilikuwa inalia, kwa hiyo wote wawili tulikuwa tunapaza sauti, na mimi sina sauti ndogo hata pasipo na grinda.

"Ameondolewa kwa sababu za kihariri," alisema.

"Mbuzi ana uhariri gani?"

"Ushahidi wake haukujitosheleza."

"Na kuku je? Kuku alileta cheti cha kuzaliwa?"

Zamda, binti anayechapa ripoti zetu, aliinamia kompyuta yake. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Saa nne kamili ripoti ilikuwa inazinduliwa kwenye ukumbi wa chini, mbele ya waandishi wa habari. Nakala arobaini zilikuwa mezani, bado zina joto la mashine, na katika kila nakala, chini ya jina la kata yetu, limeandikwa jina langu: Naserian, mwangalizi. Mchana redio ingesoma habari ya kuku. Jioni ningepanda gari kurudi nyumbani, ambako mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mgomba wangu mbele ya macho ya kijiji kizima.

Nieleze, maana nisipoeleza nitaonekana mwanamke anayegombania kitoweo.

Sisi tunakaa juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Kanisani kwetu asiye na hela ya sadaka analeta alichonacho: trei ya mayai, mkungu wa ndizi, kibuyu cha maziwa, kuku. Ibada ikiisha, vitu hivyo vinanadiwa hapo nje, na kwa miaka minne mnadishaji ni mimi. Nina diploma ya maendeleo ya jamii, lakini sikuchaguliwa kwa diploma. Nilichaguliwa kwa koo.

Mnada wetu una utaratibu mmoja mzuri. Ukinunua kitu, si lazima ukibebe. Unaweza kusema "narudisha", kikauzwa tena, na kanisa likapata mara mbili. Miaka yote kitu kilirudishwa mara moja, labda mara mbili mtu akiwa amepata mtoto au amefaulu mtihani. Halafu ukaja mwaka wa uchaguzi.

Jimboni kwetu watia nia wa ubunge walikuwa wengi, ila wenye hela walikuwa wawili, Bwana Lesian na Bwana Bariki, wote wa chama kimoja. Kugawa noti barabarani waliogopa. Lakini nani atamshitaki mtu kwa kununua kuku wa sadaka?

Jumapili moja mama mkwe wangu, Koko Silantoi, alileta kuku. Alikuwa kuku wa hovyo, alikuwa anakula mayai yake mwenyewe. Koko alimshindwa, akamtoa kwa Bwana kwa moyo mweupe. Nilimwanzia elfu kumi na tano. Kijana mmoja mgeni, mwenye viatu visivyowahi kukanyaga tope la kwetu, akasema laki tatu.

Watu wakageuka kumtazama. Nikamuuliza jina la kuandika kwenye daftari.

"Andika Mpenda Maendeleo."

"Mpenda Maendeleo, mchukue kuku wako."

"Narudisha."

Kila mtu alijua kijana yule ni wa Lesian, maana gari alilokuja nalo lilikuwa na picha ya Lesian mlangoni, imefunikwa na khanga. Kuku yule aliuzwa mara saba. Milioni tatu na laki nne. Mwishowe alibaki kwa mchungaji, na Jumanne mke wa mchungaji akamrudisha kwa Koko, kwa sababu alikuwa ameshakula mayai ya kuku wengine.

Ndipo akaja mbuzi. Upande wa pili alikuwa amesimama dada mmoja wa mjini, Irine, nywele amesuka rasta nyekundu, simu sikioni. Kila nilipotaja bei, alinong'ona kwenye simu, akasikiliza, akanyoosha kidole. Alipoulizwa jina alisema, "Rafiki wa Usharika." Huyo alikuwa wa Bariki, na hata watoto wa Sunday school walijua.

Na mimi nilinadi. Sitajifanya malaika. Vijana wa Lesian walikuwa kivulini, Irine na wenzake juani, na mimi katikati nikawachonganisha kwa bidii zote. "Laki saba upande wa kivuli! Upande wa jua, mmesinzia?" Tulikuwa tunatafuta tanki la maji la chekechea, na nilikuwa naliona tanki lile likijaa. Mbuzi aliuzwa mara tano, zote akishinda Irine. Milioni nne na laki moja. Mchungaji alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mara ya tano Irine alishusha simu, akasema kwa sauti, "Narudisha! Safari hii asiuzwe tena. Akae kwa mama mnadishaji, awe wa akina mama."

Vigelegele vilipigwa. Mimi ni katibu wa akina mama. Ningesema nini? Nikamfunga kamba nikaenda naye nyumbani, dume jeupe lenye ndevu, na njia nzima watu walikuwa wananisalimia wakimwangalia yeye.

Sasa, diploma yangu ilikuwa imenipatia kazi nyingine ya pembeni. Mulika walikuwa wanatafuta waangalizi wa kujitolea, mmoja kila kata, mwenye elimu kidogo na simu janja. Posho elfu arobaini kila Jumapili. Kazi yenyewe ni kujaza fomu: kilichotolewa, thamani, aliyetoa, na safu ya mwisho, chanzo cha fedha, ambapo unaandika kimetajwa au hakikutajwa. Kwa hiyo Jumapili nilinadi, na Jumatatu nikakaa mezani kujishitaki.

Mume wangu, Baba Brenda, ni mzee wa kanisa. Alisoma fomu juu ya bega langu.

"Mama Brenda, andika wote wawili au usiandike hata mmoja. Ukiandika mmoja, hapa tutahama."

"Nimeandika wote. Soma mpaka chini."

Koko alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Hajui kusoma, lakini karatasi zinazonuka maneno anazifahamu. "Kuku wangu," alisema, "asitembee peke yake kwenye makaratasi yenu. Nimemtoa kwa Mungu, sikumtoa amfanyie Bariki kampeni."

"Hatatembea peke yake, mama. Nakuahidi."

Nikaandika mbuzi. Nikaandika bei zote tano. Na kwa kuwa fomu inaomba ukweli, nikaongeza: *mbuzi kwa sasa yuko nyumbani kwa mwangalizi.*

Ndiyo maana asubuhi ile, nilipofungua ripoti nikamkuta kuku peke yake, sikukaa kwenye kiti nilichopewa.

"Wewe ni mtu mzima," Bwana Yoeli alisema, sasa kwa ile sauti anayotumia akiwa na wageni. "Umesoma. Umeandika kwa mkono wako kwamba mbuzi yuko kwako. Unajua hiyo inaitwa nini? Mgongano wa maslahi. Tungemweka mbuzi, wangesema mwangalizi wa Mulika amepokea mbuzi. Tumemtoa ili kukulinda wewe."

"Kunilinda?"

"Kukulinda."

"Bwana Yoeli, mbuzi yuko uani kwangu. Leo asubuhi amekula figili zote za mwanangu Brenda. Anapiga kelele kuanzia saa kumi na moja. Kila anayekwenda kisimani anamwona. Leo watasikia redioni kuku wa Lesian ametajwa na mbuzi wa Bariki hakutajwa, na aliyeandika ni mimi. Watasema nimelipwa nini?"

Alianza tena kuifuta miwani.

"Watasema nimelipwa mbuzi! Na hawatakosea, watakuwa wanamwona! Jumapili nitasimama vipi pale mbele niwaambie watu wataje bei?"

"Watu wanasahau."

"Mbuzi anawakumbusha!"

Grinda ikanyamaza ghafla na maneno hayo yakatoka mpaka barabarani. Fundi mmoja chini akaitikia, "Kweli kabisa, mama!"

Bwana Yoeli alifunga dirisha. Aliporudi alikuwa amebadili njia. "Sikiliza. Mwaka kesho kuna mradi mkubwa. Tutahitaji mratibu wa wilaya nzima. Ana pikipiki, ana mshahara. Nilikuwa nakufikiria wewe. Leo tupite salama, toleo la pili la ripoti mbuzi tunamrudisha."

Pikipiki ningeipenda. Nimepanda mteremko wa kwetu na ndoo ya unga kichwani mara nyingi mno, sitasema uongo hapa. Nikamuuliza toleo la pili linatoka lini.

"Baada ya uchaguzi."

Zamda alikohoa. Ni kikohozi cha mtu asiye na kifua. Nikamgeukia.

"Na wewe una neno?"

"Shikamoo, mama," alisema, kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Kisha, taratibu, akiangalia kompyuta: "Mimi nilimwandika mbuzi. Nikaambiwa nifute. Nilifuta maneno."

"Zamda," Bwana Yoeli alisema.

"Nimesema nilifuta, bosi. Maneno."

Nikafungua tena ukurasa wa tisa, safari hii nikaangalia namba badala ya habari. Kumi na nne, kuku. Chini yake kumi na tano, na mbele ya kumi na tano visanduku vitano vyeupe, vitupu, vimechorwa vizuri pande zote. Kisha kumi na sita, mipira na jezi, kata nyingine. Nilikuwa nimeruka mstari ule kwa hasira.

"Hili nini?" Bwana Yoeli alinyakua nakala yake. "Zamda, hii imepitaje?"

"Kufuta mstari kunavuruga namba zote, bosi. Na jana uliharakisha."

Hapo mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Kwanza iliingia harufu ya manukato, kisha rasta nyekundu, kisha Irine mzima, simu sikioni, begani mkoba, mkononi bahasha nyingi zimefungwa kwa mpira.

"Niko ofisini kwao, bosi, nakupigia," aliiambia simu. Kisha akaniona, akaachia tabasamu la dhati kabisa. "He! Mama mnadishaji! Shikamoo!"

"Marahaba."

"Mama huyu!" alimwambia Bwana Yoeli. "Humjui? Alinimaliza siku ile! Mimi nimeambiwa nisipite milioni mbili, nikasikia 'upande wa jua mmesinzia', damu ikachemka. Bosi alinitukana wiki nzima." Akanigeukia tena. "Mbuzi wetu hajambo?"

Chini mtu aligonga chuma mara tatu.

"Hajambo," nilimjibu. "Anakula vizuri. Umeleta nini, mwanangu?"

"Nauli za waandishi. Na wali uko njiani."

"Wa nani?"

"Wa uzinduzi."

"Nauliza nani analipa."

Irine alimwangalia Bwana Yoeli, Bwana Yoeli akaangalia miwani yake. Basi nikageuza ripoti mwenyewe, nikasoma jalada la nyuma kwa sauti ile ya mnadani. "*Ripoti hii imewezeshwa na Rafiki wa Uwazi.* Kanisani alikuwa Rafiki wa Usharika. Ana marafiki wengi, bosi wako."

"Mama, yeye ni mtu wa kusaidia tu. Hapendi kutajwa."

"Wote hawapendi kutajwa. Ndiyo maana tukachapisha kitabu."

"Mama Brenda!" Sasa Bwana Yoeli alisimama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alisema kama mtu. "Wafadhili wa nje wameondoka. Kodi ya miezi mitano. Huyu Zamda hajalipwa tangu Pasaka. Angekuja Lesian na bahasha kwanza, ningepokea ya Lesian. Nifunge ofisi? Tukifunga, nani atawamulika?"

Niliamini kila neno. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepandisha bei ya kuku mla mayai kwa ajili ya tanki la maji. Na zile elfu arobaini zangu, Jumapili sita mfululizo, zilikuwa zimetoka kwenye mfuko uleule. Nilizinunulia sare ya Brenda na mabati manne, na mabati hayarudishwi. Lakini saa ya ukutani ilisema saa tatu na dakika thelathini na tano, na Koko Silantoi alikuwa na redio ndogo yenye betri mpya.

"Zamda," nilisema, "kalamu."

Alinipa mbili.

Sasa nilikaa kwenye kile kiti. Nikavuta nakala ya juu, ukurasa wa tisa, mstari wa kumi na tano. Niliandika kwa wino wa bluu: *Mbuzi mmoja, dume, mweupe. Ameuzwa mara tano. Sh. 4,100,000. Upande wa Bw. Bariki, kwa mkono wa Irine. Chanzo: hakikutajwa. Mbuzi yuko nyumbani kwa mwangalizi.* Viliingia vyote. Zamda alikuwa amepima.

"Hizo ni nakala rasmi!" Bwana Yoeli alisema.

"Ndiyo maana naandika mwandiko wa darasani."

Jedwali lilikuwa linaishia mstari wa ishirini na mbili. Chini yake palikuwa na nafasi ya vidole vitatu. Nikaomba rula, nikachora mstari mmoja zaidi, nikauwekea namba. *23. Ngarenaro, ofisi ya Mulika. Ripoti hii, nakala 40. Nauli za waandishi. Wali wa watu 30. Posho ya mwangalizi wa kata, Sh. 40,000 mara sita. Aliyetoa: Rafiki wa Uwazi. Chanzo: hakikutajwa.*

Irine alikuwa amekuja nyuma yangu, anasoma juu ya bega kama Baba Brenda.

"Mama, wali ni wa watu thelathini na tano."

"Asante." Nikarekebisha.

"Bosi," aliiambia simu, ambayo kumbe alikuwa ameshapiga tena, "anaandika… Kwa kalamu… Mbuzi, ndiyo. Na wali… Sasa nimnyang'anye vipi? Mama yangu huyu… Mimi? Ndiyo, nimetajwa." Akasikiliza muda mrefu. Kisha akaizima simu, akaitia mkobani, akakaa kwenye benchi karibu na mlango na bahasha zake mapajani.

Nakala ya pili. Ya tatu. Nilipoanza ya nne, Zamda alivuta kiti upande wa pili wa meza, akachukua kalamu iliyobaki, akaanza kutoka chini ya rundo. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Bwana Yoeli alizunguka meza mara moja, akanyoosha mkono kuelekea rundo, akaona ninavyomwangalia, akaurudisha mkono mfukoni.

"Nitakufukuza kazi," alisema.

"Andika barua. Nitaipokea nikimaliza."

Tulimaliza nakala ya arobaini saa nne na nusu. Waandishi walikuwa wameshaanza kufika. Sauti za viti zilikuwa zinasikika kutoka ukumbini, ambako Jumamosi palikuwa na send-off ya bibi harusi na maputo ya zambarau yalikuwa bado yananing'inia. Nikabeba rundo lote kifuani, nikateremka ngazi. Mafundi walisimamisha kazi kunipisha.

Mwandishi wa kwanza alikuwa amekaa mstari wa mbele, kijana wa redio, kinasa sauti mkononi. Alitazama nyuma yangu mlangoni, anatafuta bahasha.

"Inateremka, mwanangu, nayo imeandikwa humu," nilimwambia. Nikampa nakala yake, nikamfungulia ukurasa wa tisa, nikaweka kidole kwenye mstari wa kumi na tano. "Washa hicho kitu. Anza kusoma hapa."